Vijiko vidogo vya kukodi: tunafukia udongo wa juu na maji tunamwachia jirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hivi vijiko vidogo vya kukodi, mashine za kuchimba udongo, ambavyo siku hizi vimejaa mitaani kwetu, vile vya cheni za raba vinavyokuja vimebebwa juu ya Canter, watu wanavikodi kusawazisha kiwanja, kutengeneza bustani, kuchimba mtaro, kung'oa visiki, na mimi mwenyewe nimekodi mara mbili kwa hiyo siongei kwa kusikia. Mara ya kwanza niliharibu, tena niliharibu mpaka kwa mtu mwingine. Mara ya pili kazi ikakaa na hadi leo imesimama. Katikati hapo kuna masika moja, na hiyo ndio nataka niisimulie mana naona Goba, Madale, Salasala, Kimara watu wanarudia kilekile nilichofanya mimi, wanakata mlima wikiendi moja alafu mvua ikija wanashangaa.

Kijiko chenyewe sina ugomvi nacho, ni kitu kizuri sana. Hiki kidogo kinachokodishwa zaidi kina uzito kama tani moja na nusu mpaka mbili hivi, upana wake unakaribia mita moja tu kwa hiyo kinapita kwenye geti dogo ambalo gari haliingii, na mkono wake unachimba kwenda chini zaidi ya mita mbili. Kazi ambayo vibarua wanne wa sururu na beleshi wangeifanya wiki nzima kinaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa mtu aliyenunua kiwanja cha mlimani kwa sababu ndicho alichoweza kulipia, hiyo ni nafuu kubwa na sioni kwa nini mtu anyimwe.

Ila kasi hiyohiyo ndio hatari. Kibarua mwenye jembe akikosea saa moja amekosea toroli tano, unamwambia rudisha anarudisha. Kijiko kikikosea saa moja ule udongo wa juu umeshafukiwa chini na hakuna wa kuutoa.

Sasa nisimulie. Kiwanja changu kina mteremko, ukisimama juu getini na ukaangalia ukuta wa chini tofauti ni kama mita tatu. Mke wangu alitaka nyuma ya nyumba pawe tambarare, watoto wapate pa kuchezea, tupande nyasi, na pembeni bustani ya mboga na migomba miwili mitatu. Nikapiga simu, Jumamosi saa mbili asubuhi kijiko kikafika. Opereta kijana mchapakazi, mpole, akashuka akaniuliza, "Bosi, tunakata wapi na udongo tunauweka wapi?" Nikanyoosha mkono nikamwambia kata huku sukuma kule. Hiyo ndio ramani yote aliyoipata kutoka kwangu, na yeye akafanya kama nilivyosema, kwa hiyo kijana yule simlaumu hata kidogo.

Saa nne asubuhi nikasimama pembeni nikaangalia ile sehemu iliyokatwa, ukuta wa udongo umesimama wima kama umepigwa timazi, juu kabisa kuna mstari mweusi mwembamba kama shubiri moja hivi, kama pindo la kanga, na chini yake ni wekundu mtupu mpaka mwisho. Nikauona na nikaupita. Sikujua kwamba ule mstari mweusi ndio bustani yenyewe, kwamba mizizi, mbolea, wadudu, minyoo, vyote vinavyofanya mmea uishi viko kwenye ile shubiri moja na kwamba huo wekundu wa chini ni ardhi ambayo haijawahi kulisha kitu. Kijiko kikachota mweusi kikaumwaga chini kabisa kwenye ukingo wa mteremko, kikachota mwekundu kikaumwaga juu yake, kikapita na cheni kikashindilia. Jioni tulikuwa na uwanja mzuri, mwekundu, umenyooka, watoto wakakimbia humo na kandambili na majirani wakaja kuuliza namba ya simu ya mwenye kijiko, nikawapa.

Nyasi tulinunua pasipalamu, tukapanda, tukamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kununua. Ziliishi wiki tatu zikaanza kuwa njano. Mchicha uliota ukafika urefu wa kidole gumba ukagoma hapo. Ukimwaga maji yanasimama juu yanang'aa hayaingii, kwa sababu udongo ule ulishakanyagwa na cheni ukawa kama sakafu. Mimi nikadhani nyasi nimeuziwa mbovu.

Alafu ikaja masika. Ni usiku wa Aprili, mvua ilianza kama saa tano ikapiga mpaka alfajiri. Watu wengi hatujawahi kupiga hesabu ya mvua na ni hesabu rahisi tu, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600, mvua ikinyesha milimita 50 usiku mmoja, na kwa masika ya Dar hiyo sio ajabu, hapo kwako peke yako zimeanguka lita elfu thelathini, yaani maboza matatu ya lita elfu kumi kumi. Zamani kiwanja kilikuwa na majani na vichaka na ule udongo mweusi, maji mengi yalikuwa yanazama polepole. Mimi nilikuwa nimetengeneza sakafu iliyoinamia chini kwa jirani, na mwisho wa sakafu nimeweka chungu ya udongo mlegevu usio na kitu cha kuushika.

Asubuhi mama jirani akatuma mjukuu wake aje kuniita. Ni mtu mzima, umri wa mama yangu mzazi. Nikashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita huku nyuma uone."

Akanipeleka kwenye jiko lake la nje. Tope jekundu lilikuwa limejaa kutoka ukutani mpaka mlangoni, lile jiko lake la mkaa limezama mpaka juu ya kidirisha cha majivu, masufuria yamegeuka yamejaa matope, na kibanda cha kuku pembeni kimelala upande, vifaranga wamekufa ndani. Hakupiga kelele. Aliinama akachukua tope kidogo akalipaka kiganjani akanionyesha akasema, "Mwanangu, kwangu mimi sina udongo mwekundu. Huu umetoka kwako." Nikakosa la kusema. Pale pale nikarudi nikachukua beleshi na toroli nikaita wanangu wawili, tukazoa siku nne, tukamjengea kibanda kingine cha kuku, na ufa uliotokea kwenye ukuta wake nikamlipia fundi. Ule udongo niliokuwa nimelipa hela usukumwe kwenda chini nikaupandisha juu kwa toroli kwa mikono yangu.

Jumapili yake nikampigia simu baba yupo Matombo, Morogoro, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza swali moja tu, "Udongo wa juu uliuweka wapi?" Nikamwambia nimeufukia. Akanyamaza kidogo akasema, "Hicho ndicho wazee wetu walichokikataa huku." Nikajua anasema nini kwa sababu ni habari tuliyokua nayo nyumbani. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya mkoloni ilikuja milima ya Uluguru na mpango wa kulazimisha watu wakate matuta ya ngazi kwenye miteremko, nia yao walisema ni kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko kweli ulikuwepo. Lakini ile milima udongo wake mzuri ni mwembamba, ukikata ngazi kwa kwenda ndani unauleta juu ule wa chini usio na rutuba na mazao hayaoti, tena kazi yenyewe ni ya kuvunja mgongo na ilikuwa ya amri. Watu wakakataa, mwaka 1955 zikatokea vurugu kubwa hukohuko Matombo na mpango ukafa. Baba alikuwa mtoto lakini anakumbuka. Na mimi mjukuu wa watu hao nimekuja Dar nimekodi mashine nikafanya kwa siku moja kwa hela yangu mwenyewe kile kile ambacho babu alikikataa kufanya kwa kulazimishwa. Iliniuma na bado inaniuma.

Kuna kitu ningependa wasomaji wakichukue hapo. Sisi sio watu tusiojua kuishi na mteremko. Wamatengo kule Mbinga wana ngoro, wanapanga majani waliyofyeka kwa mistari ya kukatizana alafu wanayafunika na udongo, vinabaki vishimo katikati vinavyoshika maji, na wamelima milima mikali kwa namna hiyo vizazi na vizazi. Wakamba kule Machakos, Kenya, wana njia inayoitwa "fanya juu", unachimba mtaro kwa kufuata usawa wa mlima na udongo unautupa upande wa juu sio wa chini, miaka inavyokwenda tuta linajitengeneza lenyewe. Ujuzi upo kwenye lugha yetu wenyewe, ila mashine ikishaingia getini tunasahau vyote tunaangalia saa inavyohesabu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba ardhi imekauka, nikakodi tena. Safari hii maandalizi yalichukua wiki nzima na kijiko chenyewe siku mbili. Nilianza na ule mpira mweupe wa mafundi wa kupimia levo, unaujaza maji, mmoja anashika huku mwingine anashika kule, maji yakitulia sehemu mbili hizo ziko sawa. Mimi na mwanangu mkubwa tukapima kiwanja chote tukapigilia vigingi, tukafunga kamba, tukamwaga chokaa. Kwa mara ya kwanza nikaona kiwanja changu kinainamia wapi, na nikaona sikuwa na haja ya uwanja mmoja mkubwa wa kukata mita mbili, ngazi tatu ndogo zisizozidi sentimita 80 kila moja zingetosha kabisa.

Alafu tukatafuta bomba. Nilisahau kusimulia kwamba ile mara ya kwanza, kabla ya mchana, tulikata bomba la maji la mtaa, ni bomba la plastiki limelazwa juu juu tu, meno ya baketi yakalishika likakatika maji yakaruka kuliko ukuta, na majirani nyumba kama kumi wakakaa siku mbili bila maji kwa ajili ya bustani yangu. Mara ya pili nikamwita mjumbe wetu pamoja na fundi aliyeunganisha maji mtaani, wakanionyesha njia yake, tukachimba kwa jembe taratibu mpaka tukaliona kwa macho, tukaliwekea alama, na kijiko hakikusogea karibu na hapo, ile sehemu ilichimbwa kwa mkono yote. Waya za umeme na shimo la choo ni hivyo hivyo. Kijiko kikipanda juu ya mfuniko wa shimo la choo la zamani na opereta hajui kama lipo, kinaingia chini na mtu wake.

Opereta wa mara ya pili alikuwa mtu mzima kidogo. Kijiko alichokuja nacho kilikuwa mtumba kutoka Japani, bado kina stika za Kijapani kwenye wenzo, na nilipenda kitu kimoja, kabla hajagusa udongo alikaa dakika kama tano anajaribu wenzo mmoja mmoja, mkono juu, mkono chini, kuzunguka kushoto, kuzunguka kulia. Nikamuuliza vipi, akasema vile vijiko vya zamani vya Japani kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake wa wenzo, ukizoea kimoja ukapanda kingine mkono wako unaenda kulia mashine inaenda kushoto, na kama kuna mtu amesimama hapo basi. Wajapani wana muda mrefu na mashine hizi, Yanmar walitoa kijiko chao cha kwanza kidogo mwaka 1968, kwa hiyo vilivyozagaa duniani ni vya kila rika. Tangu siku hiyo namwambia kila mtu, usiulize tu opereta ana uzoefu, muulize kama anaijua mashine hiyo hiyo aliyokuja nayo.

Kazi ilianza na udongo mweusi uliobaki. Nilimwambia wekundu wa chini usiuguse mpaka mweusi wote uwe umetoka. Akavua baketi la meno akaweka lile pana lisilo na meno, akaukwangua sentimita kama 15, akaurundika juu karibu na geti, tukaufunika turubai. Ndio akaanza kukata ngazi. Kuta za ngazi hazikukatwa wima, kila akishuka mita moja anarudi nyuma mita moja na nusu, na udongo wa kujazia akaumwaga tabaka kwa tabaka la kama sentimita 20, kila tabaka linashindiliwa kabla ya jingine kuja juu yake. Kila ngazi ikainamishwa kidogo kurudi ndani mlimani sio kutoka nje, na pale ndani ukapita mtaro mdogo unaopeleka maji pembeni kwenye shimo tulilojaza mawe, shimo la kina cha mita mbili hivi, maji yanazama hukohuko kwangu. Maji niliyoyapata mbinguni yanabaki kwenye kiwanja changu. Yakizidi sana yanatoka kwa bomba kwenda mtaro wa barabara na hilo nilikwenda kuliombea ruhusa.

Mwisho kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanamruhusu opereta aondoke mapema, akarudisha baketi la meno akachokonoa sehemu zote alizokanyaga na cheni, sentimita 20 kwenda chini, ardhi ikapumua. Alafu ule mweusi ukarudi juu kama blanketi. Kazi hii ya mwisho ilichukua saa mbili tu na ndio iliyofanya leo nina ukoka unaokatwa na mchicha ambao tunagawia watu.

Kingo za ngazi nilipanda vetiva, ni aina ya nyasi ndefu, shina moja hapa jingine sentimita 15 mbele, mstari mzima. Majani yake hayana urembo wowote lakini mizizi yake inakwenda chini moja kwa moja, huweza kufika mita tatu, inashika udongo kuliko ukuta wa tofali uliojengwa bila hesabu. Na kwa wanaojenga ukuta wa kuzuia udongo, jamani acheni matundu ya maji kutoka na nyuma yake mmwage kokoto, ukuta mwingi unaoanguka masika unasukumwa na maji yaliyokosa pa kutokea huko nyuma yake.

Kuhusu hela niseme kidogo mana watu wanaumizwa. Sitataja kampuni niliyokodi mara ya kwanza, ila tulikubaliana kwa mdomo, siku ya kazi mpira wa haidroliki ukapasuka, mafuta yakamwagika, fundi akaja baada ya saa tatu, na jioni nikadaiwa masaa yote hadi yale kijiko kimelala. Mara ya pili tuliandika karatasi, hata kama ni ya daftari, kwamba saa inaanza kuhesabiwa kijiko kikishuka kwenye Canter sio kikitoka yadi, kwamba kikiharibika saa inasimama, usafiri nani analipa, dizeli nani ananunua, bomba likikatika nani anaita fundi. Nikapiga picha ile mita ya masaa asubuhi na jioni kwa simu. Dizeli dumu la lita 20 lilitutosha siku nzima na ikabaki, kwa hiyo ukiambiwa kijiko kidogo hiki kimekunywa madumu matatu kwa siku, uliza. Kingine, udongo ukichimbwa unavimba. Uliokuwa umejaa shimo moja ukitoka nje unaongezeka kama robo nzima, ndio mana lori ulizopigia hesabu hazitoshi, panga hilo mapema kuliko kumaliza hela alafu uuache umerundikana barabarani.

Na watoto. Kijiko kikiingia mtaani watoto wote wanakuja na mimi nawaelewa, ni kitu cha kuvutia. Lakini kile kinapozunguka sehemu ya nyuma inapita kwa nguvu na opereta haoni kila upande, mtu akiwa kati ya mgongo wa kijiko na ukuta hana pa kukimbilia. Weka kamba, weka mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuwazuia tu. Kwenye mteremko kijiko kipande na kushuka kwa kunyooka kisikatize ubavuni, baketi likiwa chini karibu na ardhi. Na mtu yeyote asishuke kwenye mtaro uliozidi kimo cha kifuani ambao kuta zake zimesimama wima bila mbao za kuzuia, hata kwa dakika moja kuokota beleshi. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu, ukikuangukia hadi kifuani hutavuta pumzi ya pili, hata kama kichwa kiko nje na watu wanakuona.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwa watu watatu. Viongozi wetu wa serikali za mitaa, huku kwetu Manispaa ya Ubungo na kwingine kote kwenye milima, kijiko kikiletwa kwenye kiwanja chenye mteremko mwenye nyumba apite ofisini asaini, na anayekaa chini yake aitwe aonyeshwe maji yatakwenda wapi kabla hayajaenda. Sio ada, sio faini, ni watu wawili kusimama uwanjani dakika kumi na mjumbe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeshakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini maji yanayojaza mto huo yanaanzia kwenye viwanja vyetu vya juu ambako hakuna anayeangalia. Dar tumeshaona Desemba 2011 maji yalivyoua watu, watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, na tope lililoziba mifereji lilitoka mahali fulani, sehemu yake kwenye milima kama hii yetu.

Wakodishaji wa mitambo, ninyi mnapopigiwa simu ulizeni maswali mawili tu, udongo wa juu unawekwa wapi na maji yanakwenda wapi, na mteja akikosa majibu mwambieni mtakuja wiki ijayo. Na msikubali kazi ya kukata mlima Machi mpaka Mei, hela hiyo ipo tu Juni, haikimbii. Waopereta nao ni watu wenye ujuzi mkubwa, yule wangu wa pili alinifundisha zaidi ya nilivyomfundisha, lakini wengi wanaogopa kumwambia bosi hapana. Waajiri wao wawape ruhusa ya kusema hapana.

Watu wa tatu ni majirani wa chini. Msisubiri asubuhi ya matope kama mama yangu yule. Mkiona kijiko kinashushwa juu yenu, pandeni, salimieni, ulizeni. Ni haki yenu na hakuna ubaya.

Mama jirani tunaelewana hadi leo. Masika mbili zimepita tangu ngazi zile zitengenezwe, kila mvua kubwa ikipiga usiku huwa naamka na tochi naenda kumulika ukuta wa chini, na asubuhi namuuliza, "Mama kumeamkaje?" ananiambia, "Kukavu mwanangu." Jumamosi hii kiwanja cha upande wa kushoto wanaleta kijiko, mwenye nyumba ni kijana amehamia juzi tu, nimemfuata nikamwambia habari yangu yote kama nilivyoieleza hapa na akaniomba niende na ule mpira wa levo. Tutaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Canter haijafika, na mama jirani amesema atapanda na yeye.

Mkazi wa Goba,
Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam.